Kufundisha Mota ya Hatua: Tupime Mkondo Kwanza

Saa ya ukutani yenye jiwe moja la tochi ni kifaa cha kufundishia ambacho skuli nyingi zinacho tayari. Katika saa nyingi za namna hii, mshale wa sekunde huruka hatua moja kila sekunde. Ndani yake mna mota ya hatua, yaani mota isogeayo kipimo kimoja kila ipelekewapo umeme. Mota kubwa za aina hii husogeza karatasi katika mashine za kuchapia. Nyingi hukamilisha mzunguko kwa hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8.

Mwalimu mwanafunzi aweza kuonyesha jambo hili kwa vifaa vichache. Lakini asishughulikie mwendo peke yake akasahau kiasi cha mkondo, kwani hapo ndipo vidole huungua na mawe ya tochi huisha kabla ya somo.

Vifaa: Dira ndogo, kijisanduku cha kadibodi, waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, msasa, mawe mawili ya tochi, na globu ya tochi ya volti 2.5 na ampea 0.3. Globu iwe ya uzi, si ya LED.

Utaratibu:

1. Tia dira ndani ya kijisanduku. Kizungushie koili mbili zinazokatana msalaba, kila moja mizunguko 50, ukiacha mwanya wa kuonea sindano. Sugua ncha za waya kwa msasa.

2. Unganisha mawe, globu na koili ya kwanza kwa mfuatano. Sindano itageuka.

3. Hamishia umeme kwenye koili ya pili. Sindano itasogea robo mzunguko. Rudi koili ya kwanza ukiwa umegeuza ncha zake, kisha ya pili vivyo hivyo. Ukirejea ulipoanzia, sindano imekamilisha mzunguko kwa hatua nne.

Kwa nini globu? Tuseme koili ina ukinzani wa ohm 1. Bila ya globu, volti 3 zingepitisha ampea 3, na joto ndani ya koili lingekuwa wati 9. Ukinzani wa mawe yenyewe hupunguza kiasi hicho, lakini koili bado hupata moto. Globu iwakapo ina ukinzani wa ohm 9 hivi. Jumla huwa ohm 10, mkondo ampea 0.3, na joto la koili wati 0.09. Mkondo umepungua mara 10. Joto limepungua mara 100. Hesabu hii ni ya mwalimu. Mwanafunzi atosheke na kugusa koili na kuona kwamba haina moto.

Katika mota kubwa, kizuizi kama hiki hupoteza nguvu nyingi. Kwa hiyo saketi zake huupima mkondo, zikaukata na kuurudisha maelfu ya mara kwa sekunde.

Tahadhari: Umeme wa majumbani, ambao tangu 2010 hufika Pemba kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, usitumiwe kabisa katika somo hili.

Maswali kwa wanafunzi:

(a) Sindano itaelekea wapi koili zote mbili zikipewa umeme pamoja?

(b) Tukifuata hatua kinyumenyume, mzunguko utakuwaje?