Kuingia Kikundi cha Vijana: Nani Ameshika Daftari?

Mavuno yakiisha, vijana huanza kuitana. Mpunga umeshaingia ghalani, pamba imeuzwa, na jioni kuna nafasi. Huyu anasema tuanzishe kikundi cha ngoma. Yule anasema hapana, timu ya mpira. Wa tatu anataka kikundi cha kulima kwa zamu na kuzikana. Mwisho kinakuwa kikundi kimoja chenye mambo yote hayo. Huku Ziba, wilaya ya Igunga, jambo hili si geni hata kidogo.

Somo la leo ni kwa wewe unayeitwa uingie. Umealikwa, umependa, na mbele yako imewekwa karatasi. "Tia sahihi hapa, ndugu." Je, utafanyaje?

Wazee wetu waliingiaje?

Katika karne ya 19 vijana wengi wa Unyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, mwendo wa karibu miezi mitatu kwa miguu. Msafara wa mamia ya watu hauwezi kula chungu kimoja. Basi wapagazi walijigawa katika makundi madogo. Kila kundi lilikuwa na chungu chake. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alipika. Mtu asiye na kundi alilala na njaa.

Nyumbani nako vijana walikuwa na chama chao. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, vijana huitwa basumba. Mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Huyu hakuwa mtemi. Alikuwa kijana aliyekubaliwa na vijana wenzake. Kikundi cha kulima pamoja kiliitwa elika, na wasichana nao walikuwamo. Mwenye shamba akitaka msaada alikwenda kwa mkubwa wao, wakapatana malipo: pombe, mbuzi, au ng'ombe. Siku ya kazi walipanga mstari, ngoma ikapigwa, majembe yakashuka pamoja. Asiyefika bila sababu alitozwa faini. Akikaidi, alitengwa. Hata kaa la moto la kuwashia jikoni hakupewa na jirani. Adhabu hiyo ilikuwa kali, na mimi sitamani irudi.

Sasa angalia jambo moja. Ng'ombe wa elika alichinjwa mbele ya wote. Kila mmoja alimwona ng'ombe yule, akaona nyama ikigawanywa, akajua fungu lake na fungu la mwenzake. Hakukuwa na haja ya kuandika. Macho ndiyo yaliyokuwa daftari.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza 1914 na kwisha 1918, ngoma ya beni kutoka pwani ilienea sana bara, na Tabora ikiwamo. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Walipeana vyeo kama vya jeshi, wakashindana kwa mavazi, muziki na karamu. Ilikuwa starehe, lakini haikuwa starehe tupu. Mwanachama akifika mji wa ugenini alipokewa na wenzake, na akifa huko walimzika. Kazi hiyo ilitaka michango ya fedha. Na fedha, ndugu msomaji, si kama ng'ombe. Ikishaingia mfukoni mwa mtu, macho hayaioni tena. Hapo ndipo daftari linapohitajika, na mtu wa kulisoma.

Mazungumzo ya nyumbani

Tuseme msichana mmoja aliyemaliza kisomo cha watu wazima amealikwa katika kikundi. Anakwenda kwa baba yake mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na karatasi asubuhi yote hii?"

"Ni ya kikundi. Wanataka niweke sahihi na kiingilio shilingi 5,000."

"Umeisoma?"

"Wamenieleza."

"Nimekuuliza umeisoma, sikuuliza umeelezwa. Ulikwenda darasani jioni ngapi? Kaa hapo, soma. Mimi nasikiliza."

Msichana anasoma polepole, kidole juu ya mstari. Anafika kifungu kinachosema: "Mwanachama atakayehama kijiji atapoteza akiba yake yote." Ananyamaza.

"Enhe, unasemaje?"

"Baba mdogo, mimi mwakani huenda nikaolewa. Na wasichana wengi huolewa nje ya kijiji."

"Basi hicho kifungu kitawala ninyi wasichana, siyo wavulana."

"Nisiingie?"

"Sikusema hivyo. Nenda kwenye mkutano wao, kisimamie kifungu hicho. Wakikirekebisha, ingia. Wakikucheka, rudi na 5,000 yako."

Baba mdogo huyu amesema kweli. Katiba ya kikundi si msahafu. Wanachama waliiandika, na wanachama wanaweza kuibadilisha mkutanoni. Lakini ni rahisi zaidi kuuliza kabla ya kutia sahihi kuliko baada. Mimi ningesema hivi: kiingilio hakirudishwi, sawa, kwa sababu kilinunua ngoma na daftari. Akiba ni mali ya mtu. Akihama, apewe, baada ya kukata deni lake kama lipo.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu. Tuseme kikundi kina wanachama 24. Kila mmoja alitoa kiingilio shilingi 5,000. Hiyo ni 120,000. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja inakuwa 48,000, na kwa miezi minne 192,000. Kikundi kililima mashamba matatu ya watu kwa shilingi 40,000 kila shamba. Hiyo ni 120,000. Jumla ya mapato ni shilingi 432,000.

Matumizi ni haya. Ngoma na ngozi zake 85,000. Rambirambi ya msiba 60,000. Soda na sukari ya mkutano 22,000. Jumla 167,000.

Toa 167,000 katika 432,000. Zinabaki shilingi 265,000. Sasa sanduku lifunguliwe, fedha zihesabiwe mbele ya wote. Kama zimo 265,000, pigeni makofi, endeleeni na ngoma. Kama zimo 215,000, pana shilingi 50,000 za kuulizia. Usiseme "fulani ni mwizi." Pengine soda za mara ya pili hazikuandikwa. Sema, "Mweka hazina, tuonyeshe risiti." Maneno hayo hayamtukani mtu.

Vikundi vingi vya kuweka akiba hutumia sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Mtu mmoja peke yake hawezi kulifungua. Siku hizi kuna wanaoweka fedha za kikundi kwenye simu ya mwenyekiti. Hapo mimi siafiki. Simu ya mtu ni mfuko wa mtu. Akipata shida usiku, mkono utakwenda huko, hata kama moyo wake ni mzuri.

Kabla ya kutoa kiingilio

Nenda kwanza ukae kwenye mikutano miwili au mitatu kama mgeni. Angalia nani anazungumza. Je, ni mwenyekiti tu tangu mwanzo hadi mwisho? Je, katibu anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti? Uliza viongozi wanachaguliwa lini na wanaondolewaje. Swali la kuwaondoa ndilo watu huliogopa, na ndilo la maana zaidi. Uliza pia daftari linakaa wapi, na kama mwanachama yeyote anaweza kulitazama. Ukijibiwa "hayo ni ya viongozi," umeshajibiwa.

Sheria nayo ipo. Kikundi kikiwa cha kuweka akiba na kukopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kiandikishwe, na vikundi vya kijamii huandikishwa kupitia halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Uandikishaji una faida nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kisicho na katiba wala hesabu hakifiki mlango huo. Lakini mkopo ni deni. Kama hamjui mtauza nini, bakini kwanza na ngoma yenu na jembe lenu.

Na wewe uliyesoma, usishangae wakikuchagua kuwa katibu wiki ya kwanza. Kubali. Andika jina, tarehe, kiasi, na sahihi ya aliyetoa, palepale mkutanoni, siyo nyumbani usiku kwa kukumbuka. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na umsomee ulichoandika mbele ya shahidi.

Maswali ya kujadili

1. Elika ilimtoza faini asiyefika. Kikundi chenu kimtoze nani, na kimsamehe nani? Je, mama mwenye mtoto mgonjwa?

2. Mwanachama ameolewa kijiji cha mbali. Ametoa ada ya shilingi 2,000 kwa miezi 9. Ana deni la shilingi 6,500 kwa kikundi. Tuseme ada yote ni akiba yake. Mtampa kiasi gani?

3. Mwezi wa tano, wanachama 19 kati ya 24 walilipa ada. Hakukuwa na matumizi. Sanduku lilikuwa na 265,000. Sasa liwe na shilingi ngapi? Andika jibu, kisha mpe jirani yako alikague.