Tuwasaidie Wazee Wetu Kusimama na Kutembea

Somo la mwezi huu kwa nyumba za Wakristo na vikundi vya parishi

Kusoma: Yoshua 14:6-12, Luka 2:36-38, Matendo 3:1-10



Amri ya tano yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Hapana Mkristo hapa Iyunga asiyeijua. Lakini mwezi huu tujiulize: je, heshima tunayowapa wazee wetu inawatia nguvu, au inawadhoofisha?

Tuchukue mfano. Mama anatoka kijijini Rungwe au Ileje, ambako hata mwaka jana alikuwa akilima na kupanda kilima kwenda shambani. Watoto wanamleta mjini akae nao. Wanampa kiti kizuri, na kila akitaka kuinuka anaambiwa, "Tulia, mama, pumzika, kazi ulizofanya zinatosha." Ufagio ananyang'anywa, hata kikombe cha chai analetewa. Baada ya miezi michache magoti yamekaza, anatembea kwa kushika ukuta, na watu wanasema, "Ni uzee huo." Mara nyingi si uzee peke yake. Kile kiti nacho kimechangia.

1. Biblia yatufundisha nini?

Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua. Hakuomba mahali pa kivulini. Aliomba nchi ya milima, yenye miji mikubwa na maboma. Ana binti Fanueli alikuwa mjane mkongwe, wala hakuacha kuwamo hekaluni usiku na mchana. Na tumtazame Petro penye mlango wa hekalu. Baada ya kusema na yule kiwete, alimshika mkono wa kuume, akamwinua. Neno na mkono vilikwenda pamoja.

Hatusemi kwamba kila mzee atakuwa kama Kalebu. Isaka alipozeeka macho yake yalififia (Mwanzo 27:1), na Bwana wetu alimwambia Petro kwamba uzeeni mwingine atamvika na kumwongoza (Yohana 21:18). Kudhoofika si dhambi, wala si dalili ya imani haba. Lakini nguvu ambazo Mungu bado amemwachia mzee, sisi tusizizime.

2. Mwili wa mzee

Misuli ya binadamu hupungua kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Isipopewa kazi, hupungua upesi zaidi. Mzee akilala kitandani siku kumi tu, hupoteza nguvu nyingi za miguu. Miguu ikiwa dhaifu, mwili hukosa uthabiti, naye huanguka. Akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani.

Habari njema ni hii: hata mtu wa miaka 80 akianza kujongea kwa utaratibu, misuli yake hupata nguvu. Kutembea husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, huleta usingizi mzuri, na huondoa unyonge wa moyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wazima, pamoja na wenye miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Tena liliwashauri wazee wafanye mazoezi ya uthabiti na nguvu angalau siku tatu kwa juma. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na nusu saa hiyo yaweza kugawanywa mara tatu. Asiyeweza kufikia hapo afanye anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa tu.

3. Wazee wetu si wageni wa kazi

Reli ya TAZARA ipitayo hapa Iyunga, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Vijana waliochimba udongo na kubeba mataruma wakati ule, leo wamepita miaka 70. Mikono yao inajua kazi. Inatupasa kuwapa kazi inayolingana na nguvu zao za leo.

4. Namna ya kuanza nyumbani

(a) Kusimama na kuketi. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, asimame, aketi tena polepole. Aanze mara tano, asubuhi na jioni.

(b) Uthabiti. Ashike meza au ukuta, ainue visigino na kusimama kwa vidole, kisha asimame kwa mguu mmoja kwa muda mfupi. Mtu awe karibu naye.

(c) Kutembea. Aanze na dakika tano hadi kwa jirani, aongeze kidogo kila juma. Mwendo ufaao ni ule ambao aweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba.

(d) Kazi ndogo. Kumwagilia bustani ya mboga, kuchambua maharage, kufagia uwanja. Asiyeweza kusimama akae kitini, anyoshe miguu na kuinua mikono akishika chupa ya maji.

Tena ale chakula cha kujenga mwili: maharage, maziwa, mayai, dagaa.

5. Tahadhari

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbeya ni kali. Asubiri jua litoke. Wakati wa mvua njia zetu huteleza, basi avae viatu vinavyoshika mguu, si kandambili. Asitembee kando ya barabara kuu ya Tunduma penye malori na bodaboda, bali njia za ndani. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kumwishia, apumzike mara moja na apelekwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amwulize mganga kabla ya kuanza, wala asiache dawa.

6. Kazi yetu sisi wa parishi

Liko jambo linalowazuia wengi: maneno ya majirani. Mke wa nyumba anaogopa kuambiwa, "Anamtumikisha mama mkwe wake." Hapa inafaa mtoto mwenyewe aseme waziwazi kwamba wameshauriana na mama. Kadhalika, kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa mkwe wa kike humwepuka baba mkwe wake. Basi asitegemewe yeye kumshika mkono. Mjukuu au mwana afanye kazi hiyo.

Padre humpelekea mgonjwa Ushirika Mtakatifu nyumbani, na ni vyema. Lakini wapo wazee ambao wangefika kanisani kama kijana mmoja angewapitia mapema na kutembea nao polepole. Asiyeweza kupiga magoti apokee akiwa amesimama au ameketi, bila kuona haya.

Wenzetu wamethubutu. Huko Limpopo, Afrika ya Kusini, mama mmoja, Beka Ntsanwisi, alianzisha mwaka 2007 timu ya mpira ya mabibi iitwayo Vakhegula Vakhegula. Nasi hapa nchini, Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati ule akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Umoja wa Mama na vijana waweza kuitumia siku hiyo kutembea pamoja na wazee.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika nyumba yako, ni kazi gani mzee amenyang'anywa ambayo bado angeiweza? Je, aliulizwa?
2. Ni wazee gani wa mtaa wako hawaonekani tena kanisani? Nani atawapitia Jumapili ijayo?
3. Wazee wenyewe waseme: mnataka tuwasaidie wapi, na wapi tuwaache mjifanyie?

Sala

Ee Mungu, uliyetupa mwili na pumzi, wabariki wazee wetu. Uwape nguvu kadiri ya siku zao, uwaponye na hofu ya kuanguka. Nasi utupe subira ya kutembea kwa mwendo wao, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.