Yampasayo Mgonjwa Kuyajua Kabla ya Kipimo cha Siti Skani

Wananchi wanaarifiwa kwamba kipimo cha siti skani ni picha ya eksirei iliyozidishwa ufundi. Mashine hupitisha miale kutoka pande zote za mwili, kisha kompyuta hukionesha kiungo kipande kwa kipande, mfano wa mkate wa boflo uliokatwa slesi. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo Uingereza tarehe 1 Oktoba, 1971, kwa mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield.

Kipimo chenyewe hakiumi wala hakikawii. Mgonjwa hulala juu ya kitanda kinachoingia katika duara lililo wazi pande mbili, akatulia na kuzuia pumzi anapoambiwa. Bangili, mikufu, pini za mtandio, na hata hirizi iliyofungwa kwa bati, huvuliwa zikiwa katika sehemu inayopigwa picha. Hapana dharau katika hilo. Chuma huichafua picha.

Linalohitaji mazingatio zaidi ni dawa. Baadhi ya wagonjwa hudungwa sindano ya dawa yenye iodini, yaani madini joto, ili mishipa na viungo vipambanuke. Huhisi joto likipita mwilini, na wengine hudhani wamejikojolea. Hayo huondoka baada ya dakika chache. Ama kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa pumzi, kusemwe pale pale.

Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo. Kwa hivyo mwenye maradhi ya figo, mwenye kisukari anayetumia vidonge vya metformini, na aliyewahi kudhurika na sindano kama hiyo, hana budi kueleza kabla ya kulazwa kitandani. Asiache vidonge kwa rai yake. Daktari ndiye atakayeamua, na wenye figo dhaifu huamriwa kuvisimamisha kwa saa 48. Wako wanaoficha maradhi yao kwa kuchelea kunyimwa kipimo. Mashine haina njia ya kuyajua yaliyofichwa, na aliyesema kweli aghalabu hupatiwa njia nyingine: picha bila ya sindano, au altrasaundi.

Wako pia wanaodhani kwamba anayedhurika na kamba au pweza haifai dawa hii. Sivyo. Kinachomdhuru ni protini iliyomo katika nyama ya viumbe hivyo, wala si iodini. Hata hivyo mzio wowote utajwe.

Mwanamke aliyekosa siku zake naye aseme. Akiwa amefuatana na mkwe au kaka yake na akaona haya, aombe kuzungumza na mtaalamu faraghani. Mimba haizuii kipimo katika hali zote, lakini daktari lazima aijue ili apime faida na madhara.

Kuhusu mionzi, picha ya kichwa hutoa takriban milisivati 2, karibu na kiasi ambacho binadamu hukipata kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Ya tumbo huweza kufika 8 au zaidi. Hatari ya picha moja ni ndogo, ila si busara kudai kipimo kwa kila kichwa kinachouma. Aliyekwishapigwa picha kwengine aje nazo, pengine zitatosha.

Hali ni nyengine kwa mtu aliyepooza ghafla upande mmoja au kupotewa na maneno. Kiharusi cha damu iliyoganda na cha mshipa uliopasuka hufanana kwa nje, na dawa inayomwokoa wa kwanza huweza kumuua wa pili. Siti skani huvitenganisha, na dawa ya kuyeyusha damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu. Asipewe aspirini nyumbani, wala asicheleweshwe kwa kuchuliwa. Afikishwe hospitali, na anayemsindikiza aikumbuke saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwani hiyo ndiyo ataulizwa kwanza.