Kubadili Vinasaba vya Mbu na vya Binadamu: Nani Aulizwe?

Kwa nini jambo hili linamhusu mkazi wa Mwadui

Kuanzia Mwadui mkoani Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi, hadi machimbo ya wachimbaji wadogo Geita, ambako mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua, familia nyingi zimewahi kukesha na mtoto mwenye homa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto 16 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Shinyanga, mara mbili ya wastani wa nchi.

Malaria ina uhusiano wa siku nyingi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyotokana na matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yalihusu watoto zaidi ya 17,000 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba hicho.

Tiba inayoishia kwa mgonjwa

Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayohariri vinasaba. Chembe zinazozalisha damu hutolewa mwilini, hurekebishwa maabara, kisha hurudishwa kwa mgonjwa yuleyule. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa uloto wa zamani, na dawa hiyo inaweza kumfanya asizae. Nchini Marekani tiba hii hugharimu zaidi ya dola milioni 2. Mgonjwa akielezwa yote hayo akaridhia, uamuzi ni wake.

Kuhariri vinasaba vya kiinitete ni suala jingine kabisa. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowafanyia hivyo. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kurithiwa na wajukuu ambao hakuna awezaye kuwaomba ridhaa. Kwa sasa hayakubaliki.

Mbu hajui mpaka wa kijiji

Bagamoyo, wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Imperial College London wametengeneza mbu wenye vinasaba vinavyozuia vimelea kukua tumboni mwao. Waliwajaribu kwa vimelea kutoka damu ya watoto wa Tanzania walioambukizwa, ndani ya maabara yenye ulinzi, bila kuwaachia nje.

Lengo la baadaye ni vinasaba hivyo visambae vyenyewe miongoni mwa mbu, kizazi hadi kizazi. Wanaokufa kwa malaria wana haki ya kupata kinga mpya, lakini sahihi ya mtu mmoja haiwezi kuruhusu jambo linaloingia kila nyumba. Wilaya jirani na nchi jirani nazo zinahusika.

Haki yako

Ukiombwa damu yako au ya mtoto wako kwa utafiti, uliza: itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, nani mwingine ataitumia, na je, kamati ya maadili ya utafiti imeidhinisha? Una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa baadaye bila kunyimwa matibabu. Likija pendekezo la kuachia mbu, dai mkutano wa hadhara kijijini, kwa Kiswahili na Kisukuma, kabla ya uamuzi kupitishwa.