Njoo na Daftari Lako



Kabla hujaendelea, chukua Biblia ufungue Luka 14:28-30. Kuna mtu anataka kujenga mnara. Yesu anasema mtu wa namna hiyo hukaa chini kwanza, akapiga hesabu kama anavyo vya kumalizia, maana akiishia kwenye msingi wapita njia watamcheka. Najua hapo Yesu alikuwa anafundisha gharama ya kumfuata, hakuwa anatoa semina ya ujasiriamali. Lakini mfano aliouchukua ni wa mtu mwenye mradi, na waliomsikiliza walimwelewa haraka. Bila shaka walishaona misingi mingi iliyoota majani.

Mimi nilikuwa na msingi wangu ulioota majani. Nilikuwa nauza senene wa kukaanga Bukoba mjini, kwenye pakiti ndogo, shilingi 2,000 pakiti. Msimu wa Novemba na Desemba hela ilikuwa inaonekana kweli. Jioni nahesabu noti, najiona bosi. Ikifika Februari, mtaji hakuna. Miaka miwili mfululizo! Mwaka wa pili nilianza kuwaza kwamba kuna mtu ananiharibia kwa njia zisizoeleweka. (Mkristo mzima, mbatizwa, nina kipaimara, nawaza hivyo.)

Dada mmoja tunayeimba naye kwaya aliniambia wapo vijana watano, kila mmoja na kabiashara kake, wanakutana Jumapili moja kwa mwezi baada ya Misa ya pili. Akasema, "Njoo, ila njoo na daftari lako la biashara." Nikamjibu sina daftari. Akasema, "Basi njoo na daftari tupu. Hilo nalo ni jibu."

Tukawa sita. Kulikuwa na fundi cherehani, muuza dagaa kutoka Kemondo, kaka wa bodaboda, dada mwenye kuku wa mayai, kijana wa kibanja cha ndizi na kahawa kutoka upande wa Kamachumu, Muleba, na mimi wa senene. Mwezi huu tunakutana Bukoba, mwezi ujao Muleba. Kila kikao wawili tu wanakaa mbele na biashara zao, wengine wanauliza. Tulitaka hicho kiti tukiite kiti moto, tukakumbuka jina hilo tayari lina mwenyewe, na analiwa na ndizi.

Siku yangu ya kwanza waliniuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza. Senene umenunua kwa kiasi gani? Mafuta? Chumvi? Mkaa? Vifungashio? Nauli? Aliyewanyonyoa mabawa umemlipa nini? Tukaandika pale pale. Kwa kila pakiti 100, gharama zilikuwa shilingi 165,000. Nilipaswa kuingiza 200,000. Halafu yule wa dagaa akauliza, taratibu kabisa, "Na za kugawa je?" Kumbe kwa kila 100 nilikuwa nagawa kama 15: shangazi, majirani, rafiki aliyekuja kusalimia. Nimebaki na 85, yaani 170,000. Faida 5,000. Na chakula changu cha mchana nilikuwa natoa kwenye hela hiyo hiyo.

Nilitaka kulia. Hakuna aliyekuwa ananiroga.

Sasa utasema: mbona kwenye jumuiya yetu tunayo VICOBA? Vizuri, endelea nayo, na mimi nimo. VICOBA ina wanachama hadi 30 hivi, wamegawanywa kwenye vikundi vya watano watano wanaodhaminiana, na imewainua wengi, hasa mama zetu. Lakini siku ya kikao watu wana haraka: hisa, mfuko wa jamii, marejesho, kwaheri. Swali linakuwa utarejesha lini. Swali la biashara yenyewe inakwendaje mara nyingi halipati nafasi. Kikundi hiki cha pili hakichangi hela wala hakikopeshi. Kinachoweka mezani ni hesabu za kweli.

Na jambo hili siyo geni katika Kanisa. Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji, alikuwa mtoto wa familia ya wafanyakazi. Alipokuwa seminarini na kurudi nyumbani likizo, rafiki zake wa utotoni, ambao tayari walikuwa viwandani, walimwona kama mtu wa upande mwingine. Hilo lilimuuma. Katika miaka ya 1920 akaanzisha chama cha vijana wafanyakazi, wakikutana katika vikundi vidogo wakitumia hatua tatu: ona, amua, tenda. Unatazama kwanza hali ilivyo kweli kweli, unaipima kwa mwanga wa Injili, kisha unatoka na jambo moja la kufanya. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliisifu njia hiyo katika barua yake *Mater et Magistra*. Hapa Tanzania tunaifahamu kupitia VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Mimi nimeimba nyimbo za VIWAWA miaka mingi bila kuelewa kwamba hatua ngumu ni ile ya kwanza. Kuona.

Hasa kwetu. Sisi watu wa Bukoba tunajijua. Kusema "sijui" mbele ya wenzako ni kazi, kusema "nadaiwa" ni kazi kubwa zaidi.

Nilielewa vizuri siku ya kaka wa Muleba. Alikuja na mpango wa kuuza kahawa ya kibanja chote kwa butura. Kwa wasioijua: unauza kahawa ikiwa bado mtini, maua ndiyo kwanza yameanguka, unapewa hela leo, na bei anapanga mnunuzi kwa sababu anajua una shida. Serikali imekuwa ikiipiga vita, lakini haijaisha. Kaka akasema anataka kununua pikipiki. Bodaboda wetu akamkokotolea mafuta, matairi, matengenezo. Fundi akamkumbusha kwamba mwaka 1950 wakulima wa huku waliunda chama kikuu cha ushirika, hiki tunachokiita leo KCU, ili mkulima asimame na wenzake sokoni badala ya kuuza akiwa peke yake. Maneno mazuri yote. Kaka anaitikia tu, anatazama chini.

Dada wa kuku akamuuliza mara ya tatu, "Kaka, pikipiki ni ya nini hasa?"

Kimya. Kisha akasema hakuna pikipiki. Mama alikuwa mgonjwa, anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na yeye ndiye kijana mkubwa nyumbani. Aliona aibu kuanika shida ya nyumbani.

Hapo kikao cha biashara kilikwisha. Tulisali. Kesho yake jumuiya yao ikaambiwa, wakachanga, na VICOBA ya mama ikatoa kutoka mfuko wa jamii. Havikutosha. Akauza kwa butura magunia mawili, siyo kibanja kizima. Zilizobaki alizivuna, akazianika vizuri na kuzipeleka chama cha msingi msimu ulipofika. Mama anatembea. Yale magunia mawili yanamuuma mpaka leo, na sitakudanganya kwamba yalirudi.

Vikundi hivi huvunjika pia. Sisi tulimpoteza fundi, kwa sababu deni lake lilisikika kwenye sherehe ya harusi, na mpaka leo hakuna aliyekiri kulisema. Tangu hapo tunaanza kila kikao kwa ahadi kwamba yanayosemwa mezani yanabaki mezani. Pia hatukopeshani sisi kwa sisi, na hatuchukui wawili wa biashara moja mtaa mmoja, maana wivu ni binadamu.

Kazi ya wiki hii: kwa siku saba andika kila shilingi inayoingia na kutoka, pamoja na unachogawa na unachokula. Usirembe. Kisha tafuta wenzako watatu au wanne, parokiani au chuoni, msome Matendo 18:1-3, mwone Paulo, Akula na Prisila wakishona mahema pamoja kule Korintho. Mkimaliza kusoma, fungueni madaftari.

Sisi tunakutana Muleba Jumapili ya pili ya mwezi. Ni zamu yangu tena kukaa mbele, na kuna kurasa tatu za mwezi uliopita sijazijaza. Mniombee.