Makaratasi ya Waumini: Fanya, Usifanye

Kwa wachungaji, makatekista, maimamu na wazee wa jumuiya za Waswahili walioko Marekani.

USIMJAZIE mtu fomu ya uhamiaji kwa kuwa tu Kiingereza chako kizuri. Kumchagulia mtu fomu na kumwelekeza ajibu nini ni kazi ya wakili, au ya mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, tena akiwa ndani ya shirika linalotambuliwa na wizara hiyo. Joho la dini halimo.

MPELEKE panapostahili: Catholic Charities, World Relief, au shirika lililo katika mtandao wa CLINIC, ulioanzishwa na maaskofu Wakatoliki mwaka 1988. Uliza kwanza kama tawi la kwenu lina huduma ya sheria, maana si yote. Kisha uliza idhini ya mwakilishi ni ya aina gani. Mwenye idhini ya sehemu haruhusiwi kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji. Mwenye idhini kamili anaruhusiwa.

USITANGAZE madhabahuni sheria ambayo haijapita. Juni 2013 Seneti ilipitisha muswada wa mageuzi ya uhamiaji, S.744, kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa, ukafa. Anayepokea pesa za "kuandikisha watu mapema" anauza hewa, hata kama ni mwimbaji wa kwaya.

USIMWAMBIE mtu asubiri mageuzi. Ombi la hifadhi lina mwaka mmoja tangu kuingia nchini, na misamaha ni michache.

WAHIMIZE watunze ushahidi: mikataba ya nyumba, hati za mshahara, ripoti za shule za watoto. Sheria ya uhamiaji ya 1986, iliyowapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7, iliwataka wengi wao wathibitishe kuwa waliishi Marekani tangu kabla ya Januari 1, 1982. Wasio na vielelezo walihangaika.

USIMFANYE mtoto kuwa mkalimani. Mama aliyekimbia Fizi, mashariki mwa Kongo, hatasimulia yaliyompata mbele ya mwanawe wa darasa la saba. Atapunguza. Alichokipunguza kikija kujitokeza kwenye usaili, ataonekana mwongo. Tafuta mtu mzima, asiye ndugu, anayejua kunyamaza. Umbea wa jumuiya zetu tunaujua.

ANDIKA saa ya mahakama kwa tarakimu, ukitaja asubuhi au mchana. Barua inasema 9:00 AM, jirani anatafsiri "saa tisa", mtu anafika alasiri. Asiyehudhuria anaweza kuamriwa kuondolewa nchini akiwa hayupo.

WAKUMBUSHE wanaohama: USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ipewe anwani mpya ndani ya siku 10, mwenye kesi aijulishe pia mahakama, kwa fomu nyingine, ndani ya siku 5 za kazi. Kuipasha ofisi moja si kuipasha nyingine.

USIPOKEE "sadaka ya shukrani" kwa kazi hii. Shirika likitoza ada, dai risiti.