Usiipashe Otomatiki Moto Ikiwa Imesimama

Asubuhi za Julai kule Mbooni ni za baridi, na utamsikia mtu amewasha Probox yake akaiacha ingurume robo saa huku yeye akinywa chai. Nia yake ni njema, ila giaboksi ya otomatiki haipati joto la maana ikiwa kwenye P. Hupata joto ikifanya kazi. Injini nayo ikiwa baridi hunyweshwa petroli nyingi, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda.

Geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, hesabu sekunde mbili tatu pampu ya petroli isukume, kisha washa, mguu ukiwa kwenye breki. Mshale wa resi utapanda, halafu uanze kushuka. Nusu dakika hadi dakika moja hutosha. Weka D, ngoja uhisi gia imeshika, ndipo uondoke taratibu. Ukitoka uani kwa rivasi, gari lisimame kabisa kabla hujahama R kwenda D. Tafadhali lisimame kabisa. Giaboksi kuukuu haisamehe haraka hiyo.

Nyumba nyingi za Mbooni na Kilungu ziko kwenye miteremko. Ukiegesha, kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu gari likalie hendibreki, ndipo uweke P. Ukitanguliza P, uzito wote huegemea kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi. Hicho ndicho chanzo cha kile kishindo unachosikia ukiondoka. Ukishuka mlima usiweke N ili kuokoa petroli. Shuka na 2 au L; ukiachia eksileta, injini ya kompyuta hukata petroli yenyewe.

Kwenye jua la Kibwezi, ukisimamishwa sekunde chache baki D. Ikizidi hapo, weka N na hendibreki. Zikipita dakika kadhaa, zima. Toyota nyingi hupoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta, kwa hiyo maji ya chumvi ya visima vya Kitui huumiza injini na giaboksi pamoja. Tia kulanti.

Betri ikifa, usiite vijana wasukume. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini, si magurudumu, kwa hiyo mtachoka bure. Weka nyaya za kujampia kwenye buti, hasa ukipita Kibwezi kwenda Mutomo usiku.